Chui wa Mguu Mmoja

Kapaso Patson alikuwa amevaa kiatu kimoja, cha pili kiko mkononi, Mama Ennie alipofika mlangoni pake na kusema kwamba mbuzi wake ameliwa na chui. Tena chui mwenyewe anamjua kwa jina.

"Kwa jina?" akauliza Patson.

"Ngosa. Ngosa wa ukoo wa Chui. Yuko ng'ambo ya ziwa, Kilwa ya Kongo, kwa Babeleji. Mumukamate."

Patson akavaa kiatu cha pili taratibu ili apate muda wa kufikiri. Kapaso ni mjumbe wa chifu. Yeye ndiye anayepeleka wito, anayetafuta wezi wa nyavu, anayeamua mtumbwi ni wa nani watu wanapoanza kurushiana makasia. Kazi hiyo Patson aliifanya kwao Puta kabla hajahamishiwa Nchelenge, na alikwisha kuona mengi. Lakini mtu anayemshitaki chui kwa jina lake na la ukoo wake hakuwa amemwona.

"Mbuzi yupi, bamayo?"

"Kapitao."

Hapo Patson akasikitika kweli. Kapitao alikuwa beberu mweupe mwenye ndevu ndefu, na hapakuwa na mtu pwani ile asiyemjua. Aliitwa hivyo kwa sababu kapitao ni msimamizi wa vibarua, na beberu huyo kila asubuhi alipanda juu ya kichuguu kilicho karibu na maji akawapigia wavuvi kelele mpaka mtumbwi wa mwisho umeingia ziwani. Wavuvi walimtukana kila siku. Leo asubuhi hawakumsikia, wakachelewa wote.

Patson akachukua kofia yake, akampigia mluzi mbwa wake Meja, wakamfuata Mama Ennie.

Huyu Meja, tuseme ukweli, alikuwa mkubwa wa sauti na mdogo wa moyo. Mwaka uliopita alifukuzwa na kuku wa mama mmoja aitwaye Jessy mpaka akaingia ziwani, akakaa humo shingo juu hadi kuku alipochoka kumngoja. Patson alimpenda hivyo hivyo. Mbwa mwoga ana faida yake, maana hajifanyi.

Uwanja wa Mama Ennie ulikuwa safi, umefagiwa mpaka kwenye mchanga. Kulikuwa na nyumba, kichanja cha kukaushia samaki, na ghala lililosimama juu ya miguu minne ya miti. Kigingi cha Kapitao kilikuwa pale pale, kamba imelala chini. Kutoka kwenye kigingi nyayo zilikwenda moja kwa moja mpaka majini, kubwa, za duara, kila unyayo na vidole vyake vinne.

Patson akachuchumaa. Akatazama unyayo wa kwanza, akatazama wa pili, akaenda akatazama wa mwisho.

"Bamayo, chui ana miguu mingapi?"

"Minne. Nani hajui?"

"Huyu alikuja na mmoja. Ona. Kila unyayo, kidole kirefu kiko upande wa kushoto. Wa kwanza kushoto, wa pili kushoto, wa mwisho kushoto. Aliruka kwa mguu mmoja toka hapa mpaka ziwani, na mbuzi mdomoni."

Mama Ennie akakunja mikono. "Ngosa alikuwa mucheza ngoma hodari sana."

"Na mbona ana kucha? Chui akitembea huficha kucha zake ndani ya vidole. Paka wako hufanya vile vile. Huyu kucha zake ziko nje, tena fupi, kama zimekatwa."

"Mimi sikumwangalia kucha, ba Kapaso. Mimi nilimwangalia mbuzi wangu."

Patson akamwita Meja. Unyayo wa chui wa kweli ungemfanya Meja akimbie mpaka Mwansabombwe bila kupumzika njiani. Meja akaja, akanusa, akatikisa mkia. Kisha akaulamba unyayo. Alipoumaliza wa kwanza akahamia wa pili, kama mgeni anayeshukuru chakula.

"Huyo mbwa ni mujinga," akasema Mama Ennie.

"Ni mjinga," Patson akakubali, "lakini hajawahi kulamba kitu kisicho na mchuzi."

Wakati huo, mahali fulani karibu nao, kukasikika sauti.

"Meee."

Mama Ennie papo hapo akaanza wimbo wa kanisani. Aliuanza juu sana, akaimba beti mbili macho yamefumbwa. Patson akangoja, maana mtu hakatizwi akimwimbia Mungu. Alipomaliza palikuwa kimya.

"Nasikia huzuni ikinijia," akaeleza Mama Ennie, "naimba."

Jirani wa karibu alikuwa Fanwell, fundi wa kuunda mitumbwi na mashua. Patson alimkuta nyuma ya mashua mpya aliyokuwa akiigongomea mbao, na kitu cha kwanza alichokiona ni shoka lenye damu. Fanwell naye akaona kwamba limeonekana. Akaliketia.

"Habari ya kazi, ba Fanwell."

"Nzuri, mukwai," akajibu kwa heshima.

"Umekalia shoka."

"Ni zuri kwa kukalia."

"Lina damu."

Fanwell akatazama kushoto na kulia. Jasho likamtoka. Patson akaona kesi inaanza kunukia: jirani, shoka, damu, na mbuzi mnene asiyeonekana. Akaingiza mkono chini ya mashua, akauvuta nje. Ulikuja na manyoya meupe kiganja kizima.

Manyoya ya bata.

"Nitasema," akanong'ona Fanwell, "lakini si kwa sauti. Mke wangu alinipa bata nimpelekee mama mkwe wangu kule Kafutuma. Njia ni ndefu, ba Kapaso. Bata alikuwa mnene. Nilimtazama, akanitazama. Basi."

"Ukamla bata wa mama mkwe wako?"

"Mguu mmoja nimeubakiza. Nitasema alichukuliwa na tai." Akashika mikono ya Patson. "Mimi siruhusiwi hata kumtazama mama yule usoni. Nikimkosea, nitajieleza vipi na siwezi kusema naye?"

Patson akasema serikali haina neno na bata. Alichotaka ni habari za Ngosa, maana yeye ni mgeni na jina hilo halijui.

Fanwell akapumua. Alikuwa mtu wa kupenda kusimulia, na sasa alisimulia kwa shukrani.

"Ngosa ni mutani wa Mama Ennie. Mama ni wa ukoo wa Mbuzi, yeye wa ukoo wa Chui. Chui anakula mbuzi, basi wa Chui anaweza kuchukua kitu cha wa Mbuzi na hakuna kesi, na wa Mbuzi anamtukana wa Chui mpaka mate yakauke, na hakuna kesi. Hao wawili, ba Kapaso, sisi tulikuwa tunaacha kazi tuwasikilize. Ngosa anachukua samaki kichanjani mwa mama, anawala hapo hapo. Mama anamwambia, 'Meno yako yameoza, unapiga miayo inzi wanakufa.' Kila siku ya Mungu. Wakaanza hivyo wakiwa watoto wanaotambaa."

"Halafu?"

"Halafu Febby akafa, mke wa Ngosa. Sasa mutani kwenye msiba ana kazi yake. Mama Ennie akafanya kazi yake kama desturi. Kaburi lilipokwisha kuchimbwa akashuka ndani, akalala chali, akasema hatoki mpaka Ngosa amulipe jogoo. Watu wakacheka, maana ndiyo dawa yake. Tukamngoja Ngosa ajibu. Ndiye alitakiwa kumtukana, kumpa jogoo, kumpa mkono atoke."

"Akasema nini?"

"Hakusema kitu. Alimtazama mle chini, akageuka, akaondoka. Kesho yake alipanda mashua ya Mgiriki anayenunua samaki, akavuka." Fanwell akaokota unyoya mmoja begani mwake. "Mama alitoka kaburini peke yake. Hakuna aliyempa mkono, kwa sababu mkono huo si wa kila mutu. Watoto waliozaliwa mwaka ule sasa wanavua samaki wao wenyewe."

Patson akaangalia ziwa. Hewa ilikuwa safi siku ile, na milima ya Kongo ilionekana mbali, bluu, ikionekana jirani na huku si jirani.

"Neno moja," akasema. "Watani wanashitakiana?"

"Haijatokea tangu dunia iumbwe."

"Na leo asubuhi hukuona kitu?"

"Nilimuona mama akipanda ngazi ya ghala na kikapu cha maganda ya muhogo. Nikasema moyoni, huyu mama njaa imemtisha, sasa anaweka akiba ya maganda."

Patson akamshukuru, akamshauri aufukie ule mguu wa bata, akarudi kwa Mama Ennie.

Alisimama kwanza kando ya uwanja, akalitazama ghala. Asubuhi paa lake la nyasi lilikuwa na tundu la kupita ngumi. Sasa tundu lilikuwa la kupita kichwa. Nyasi zilizolizunguka zilikuwa zimevutwa kwenda ndani, na mtu akisikiliza vizuri alisikia kitu kinatafuna bila haraka.

Mama Ennie alikuwa akigeuza samaki kichanjani. Patson akaomba maji ya kunywa, akapewa. Kisha akaomba mwiko wa mchuzi.

"Unataka kunipikia?"

"Nataka kuuona, mukwai."

Akauleta. Patson akauchukua, akachuchumaa, akaukandamiza mgongo wake kwenye mchanga wenye unyevu. Pakatokea duara. Mbele ya duara akachomeka vidole vyake vinne, kucha chini. Unyayo wa chui ukawa pale, kidole kirefu upande wake. Meja akaja mbio akaulamba.

"Ulipika samaki wa mchuzi jana," akasema Patson.

"Watu wengi walipika samaki jana."

"Bamayo, mtani hashitakiwi. Ngosa hata angekula mbuzi kumi, wewe usingefika kwangu. Ungesimama ufukweni ukamtukana. Mtu wa Mbuzi anayeleta kesi juu ya mtu wa Chui, hiyo si kesi. Huo ni utani."

Mama Ennie akafungua kinywa aimbe. Hakuwahi. Nyasi zilitikisika juu ya ghala, tundu likapanuka, na kichwa cha beberu mweupe kikatokea juu ya paa. Ndevuni mwake mlijaa nyasi. Kikawatazama wote watatu, kikatafuna.

Meja akajificha nyuma ya miguu ya Patson.

"Na huyu ni nani?" akauliza Patson.

"Mbuzi mwingine."

"Ana ndevu za Kapitao."

"Ni ndugu yake."

"Meee," akasema Kapitao, kwa sauti ile ile ya kuwaamrisha wavuvi.

Mama Ennie akaketi juu ya kinu kilichoinamishwa. Alionekana mzee ghafla, na mikono yake, ambayo kutwa haikuwa na nafasi, ikalala magotini.

"Utaniandikia kosa la kudanganya serikali?"

"Nambie kwanza ulitaka nini."

"Nilitaka arudi." Alisema hivyo bila kuzungusha. "Mimi nitamfuata wapi? Nikifika nitasema nini? Mutani haombwi radhi, mwanangu. Ukimuomba mutani radhi umeua utani, mumekuwa watu baki. Nikaona, serikali inaweza kuvuka maji. Serikali ikimwita mutu anakuja."

Patson akavua kofia yake.

"Kila mashua ya ng'ambo ikifika nashuka kusikiliza kama kuna mutu ataniita mbuzi," akaendelea. "Hakuna. Wananiita bamayo. Kanisani bamayo, sokoni bamayo, hata huyo Fanwell mla bata ananiita bamayo. Nimechoka na heshima. Namkumbuka mpaka nasahau chumvi kwenye chakula. Na wa Chui waliobaki hapa ni nani? Wote walifuata migodi. Nikifa, nani atalala kaburini mwangu akatae kutoka? Nitazikwa kimya kama mgeni."

Alifuta machozi kwa pindo la kitenge, akakasirika kwamba yameonekana.

Sasa Patson alikuwa na kazi ngumu kuliko ya kufuata nyayo. Mtu aliyezua shitaka hupelekwa mbele ya chifu, na Mama Ennie angesimama pale na mwiko wake mkononi, kwaya yote ya kanisa ikimtazama. Na kapaso anayepeleka wito huku anajua mbuzi yuko juu ya paa, naye ana maswali ya kujibu. Ufukweni Lackson, nahodha wa mashua ya samaki, alikuwa tayari akiwaita wapakizi wa mwisho.

Patson akavaa kofia yake.

"Kazi ya kapaso ni kuita," akasema. "Kuamua ni kazi ya baraza. Mshitaki amesema ameliwa mbuzi. Mshitakiwa lazima aje ajibu kwa kinywa chake. Lakini bamayo, asipokuja, mimi nitasema ukweli wote, na wewe utajua kwamba utani umekwisha."

"Asipokuja," akasema Mama Ennie, "sitajali tena watasema nini."

Patson akashuka mpaka mashuani, akampa Lackson ujumbe. "Mtafute Ngosa wa Chui huko Kilwa. Mwambie Mbuzi wa Nchelenge anamshitaki. Anasema kamla Kapitao. Aje."

"Lakini Kapitao si ndiye yule pale juu ya..."

"Lackson. Wewe peleka maneno, usipeleke macho."

Mashua ikaenda, ikarudi na chumvi na vitambaa, bila Ngosa. Ikaenda tena. Lackson alisema mzee alipoambiwa aliingia ndani, akafunga mlango. Mama Ennie hakuuliza zaidi. Kapitao alikaa ghalani, maana marehemu hatakiwi kuonekana, na Nchelenge nzima ikampa mama pole huku ikimsikia marehemu akipiga kelele juu ya vichwa vyao. Lakini Patson alipopita alimkuta mama ameketi na uso kwa maji, samaki wake wanaungua upande mmoja, wala haimbi tena mbuzi akilia.

Mashua ilirudi mara ya tatu mchana, upepo ukiwa mkali. Kapitao alikuwa amemaliza paa asubuhi hiyo na kushuka mwenyewe, na sasa alisimama juu ya kichuguu chake akiwagombeza wapakuzi. Mzee mmoja mrefu, mkavu, akashuka akisaidiwa, akavuka maji ya magotini. Kwapani alibana jogoo mwekundu. Meja alimwona jogoo tu, akaondoka bila kuaga.

Mama Ennie alikuwa amesimama mchangani. Hakusogea.

Patson akasogea mbele, akajaribu kuwa serikali. "Wewe ndiwe Ngosa wa Chui?"

"Ni mimi."

"Unashitakiwa kumla mbuzi wa mama huyu. Jina la mbuzi ni Kapitao."

Mzee akatazama kichuguuni. Kapitao akamtazama pia, akamlilia usoni. Mzee akamweka jogoo vizuri kwapani.

"Bon, sawa," akasema. "Ni kweli, nilimula. Nyama yake ilikuwa mubaya sana, meno yangu mawili yalibaki ndani. Sisi Chui tunakula mbuzi kwa huruma tu. Nani mwingine anawataka?"

Watu walianza kucheka, kisha wakaona uso wa Mama Ennie wakaacha. Kwa miaka yote alikuwa ameweka matusi, mazuri, ya kuchagua, na sasa hakupata hata moja.

"Ulichelewa," akasema.

"Siku ile mudomo wangu ulikufa pamoja na Febby. Na mutani asiyejibu atarudi na uso gani? Nilikaa kule nikingoja mutu wa kwetu aniite mwizi. Walipokuja kuniita, nikafunga mulango nikalia. Halafu nikaanza kutafuta jogoo. Jogoo wa kule bei yake ni wazimu."

Akamtoa jogoo kwapani, akampa kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia akaunyoosha chini kidogo, kama anamnyooshea mtu aliye shimoni.

"Deni lako hili. Toka humo sasa, wee mbuzi. Umelala kaburini mwa mke wangu miaka yote, mwenyewe amechoka kukubeba."

Mama Ennie akaushika mkono, akauvuta kwa nguvu zake zote, na mzee naye akavuta, mpaka wakasimama wamegusana mabega. Machozi yalimtiririka na hakuyafuta. Akamgeuza jogoo upande huu, akamgeuza upande ule, akambonyeza kifua.

"Chui wewe," akasema, "jogoo mwenyewe amekonda."